Kusaga majani makavu ya chai maabara: makosa yangu ya Aprili na namna ninavyofanya sasa

Nilipoanza kuandaa sampuli za chai niliamini kwamba mashine ya kusagia ina kazi moja tu, yaani kuyafanya majani yawe unga, na kwamba unga ukizidi kulainika ndivyo majibu ya vipimo yanavyozidi kuaminika. Imani hiyo iliniponza mwezi wa Aprili, wakati mvua ya Tukuyu hunyesha kutwa kucha na hata chumvi ya mezani hulowa yenyewe. Nililetewa majani yaliyokaushwa kutoka kwa wakulima wadogo wa Rungwe, nikakijaza kikombe cha mashine ya visu hadi juu, nikashikilia kitufe kwa dakika mbili mfululizo. Unga ulitoka laini kama poda ya mtoto, lakini kikombe kilikuwa kimepata moto, nami nikaufunga hapo hapo kwenye kichupa. Kesho yake niliukuta umeshikana kama kiporo cha ugali, na kichupa kina umande kwa ndani.

Mama anayesafisha maabara, ambaye kwao wana mashine ya kusaga mahindi, aliutazama akacheka. "Mwanangu, dona ikitoka mashineni haifungwi ya moto. Itandaze kwanza ipoe."

Alikuwa amelitaja kosa langu la pili. La kwanza lilitokea kabla hata sijawasha mashine. Chai iliyotoka kwenye kikaushio cha kiwanda huwa na unyevu wa takribani asilimia 3, lakini huunyonya tena kutoka hewani, na majani yaliyolala kwenye mfuko wa karatasi katika msimu wa mvua huwa yameshiba maji bila mwenyewe kujua. Majani ya namna hiyo hayasagiki vizuri: hupondeka, hugandamana pembezoni mwa kikombe na kuacha utando wa kahawia kwenye visu. Siku hizi nalivunja jani kwa vidole kwanza. Likipinda badala ya kukatika kwa mlio, linarudi kwenye oveni ya joto la chini au kwenye chombo chenye vidonge vya silika, vile vinavyonyonya unyevu.

Ukianza na majani mabichi, ambayo zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, usiyaanike juani ikiwa unataka kupima polifenoli, yaani kemikali za asili zinazoipa chai ukali wake. Vimeng'enya vya jani huendelea kufanya kazi wakati linanyauka taratibu, hivyo utakachopima si kile kilichokuwa shambani. Yapitishe kwenye mvuke upesi ndipo uyakaushe.

Katika kusaga kwenyewe, mimi hujaza theluthi moja ya kikombe, nasaga kwa sekunde 10, napumzisha kwa nusu dakika, kisha narudia. Joto linapopanda kwa sababu ya msuguano, unyevu na harufu hupotea, na katekini, ambazo ni aina ya polifenoli, huanza kubadilika. Kwa hiyo kikombe kikianza kuwa cha uvuguvugu, nasimama bila kubishana nacho. Kabla ya kugusa visu nachomoa waya ukutani, hata kama umeme umekatika, kwa maana umeme wetu hurudi bila hodi.

Unga naupitisha kwenye chekeche ya nusu milimita, na hapa ndipo ninapowaona wengi wakijidanganya. Kinachobaki juu ya chekeche ni vijiti na nyuzi, na mkono hushawishika kuvitupa kwa sababu vinaonekana kama takataka. Lakini vijiti vina kemia tofauti na ubapa wa jani, hivyo ukivitupa, sampuli yako inakuwa chai bora kuliko ile aliyokuletea mkulima. Virudishe visagwe tena mpaka vyote vipite, kisha changanya unga wote upya.

Unga uliopoa, uliofunikwa kidogo ukiwa unapoa, naujaza kwenye kichupa cheusi hadi karibu na shingo. Sehemu ndogo ya unga huo huo naipima unyevu kwa kuikausha katika nyuzi 103 hadi uzito usibadilike, ili majibu yote yahesabiwe kwa uzito mkavu. Sehemu hiyo siitumii tena kwa polifenoli.

Mashine naisafisha kwa brashi kavu, kisha nasaga kijiko cha sampuli inayofuata na kukimwaga, ndipo naanza kazi. Visu vikiwa butu sauti hubadilika, mashine hunguruma na joto hupanda mapema. Visu vilivyotoka kunolewa huacha chembe za chuma, jambo linaloharibu kipimo cha madini ya chuma. Kwa hiyo vikirudi kutoka kwa fundi, chai ya kwanza ninayosaga ni ile iliyokwisha kuharibika, ikiwemo ile ya Aprili, ambayo bado ninayo nusu kopo.