Ulijua lini, na ukafanya nini?

Wewe unayeanza kazi katika ofisi ya wakili hapa Nairobi, mteja wako wa kwanza aliyetapeliwa atakuja na hasira na bahasha ya kaki. Hasira itasema, "Nataka afungwe." Fungua bahasha kwanza.

Mimi nilifundishwa na mama mmoja aliyenunua gari katika yadi moja ya Ngong Road. Aliambiwa limetembea kilomita 62,000. Siku ya sevisi fundi akakuta ndani ya boneti stika ya oili ya miaka miwili nyuma: 141,000. Nikachangamka, nikaona kesi imejileta yenyewe. Sikumuuliza tangu ajue, alifanya nini. Kumbe aliliendesha miezi mitano zaidi na kulipa awamu mbili, huku yadi ikimwambia, "Tutakuangalia, mama."

Wakili aliposoma faili alinitazama tu. Aliyedanganywa ana haki ya kuutengua mkataba: anarudisha kitu, anarudishiwa pesa. Lakini akishaujua uongo, halafu aendelee kulipa na kutumia kana kwamba hakuna lililotokea, anahesabiwa kuwa ameuridhia. Tukabaki kudai fidia, yaani tofauti ya bei aliyolipa na thamani halisi ya gari. Si haba, ila gari likabaki lake, naye alishalichukia.

Kwa hiyo barua ya kutengua mkataba itoke wiki hiyo hiyo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inampa mnunuzi mwaka mmoja wa kutoa notisi, lakini usiuchukulie mwaka huo kama likizo.

Polisi nao? Aende, arudi na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kujipatia mali kwa kauli za uongo, chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kuna kifungo cha hadi miaka 3. Sikiliza vizuri uongo wenyewe, maana hapo wengi huanguka: "Shamba hili ni langu" ni kauli juu ya jambo lililopo, na ikiwa ya uongo ni jinai. "Nitakulipa Ijumaa" ni ahadi. Akiivunja, hilo kwa kawaida ni deni. Kesi ya jinai haizuii ya madai. Zinaweza kwenda pamoja.

Dai lisipozidi shilingi 1,000,000, fikiria Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Popote uendapo, usiandike "alinidanganya" ukaishia hapo. Andika nani alisema nini, siku gani, wapi, na ukweli ulikuwa upi. Udanganyifu unaodaiwa kijumla hautaenda mbali, na kiwango cha kuuthibitisha kiko juu kuliko cha madai ya kawaida.

Simu ya mteja usiisahau. Jumbe zikichapishwa zinahitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki, yaani hati inayoeleza zilitoka kwenye kifaa gani na zilivyotolewa, kwa hiyo asiiuze wala kuibadilisha. Na asifute chochote, hata zile alizowatukania. Hakimu ameshasoma mabaya zaidi.