Jibu: PS5 isiyo na sehemu ya diski kwa ajili ya banda la gemu

Salama mkuu. Umeuliza kama uchukue PS5 (mashine ya gemu ya Sony) isiyo na sehemu ya diski kwa banda lako la hapo Mwanga, kwa kuwa muuzaji kakwambia "ni ileile, bei ndogo". Siyo ileile.

Cha kwanza kuangalia: gemu utazipata wapi? Mimi banda langu liko Ujiji na naishi kwa diski za mkononi, yaani zilizokwisha tumika. Madogo wakiichoka moja, naipeleka kwa jamaa, naongeza elfu kumi, narudi na nyingine. Gemu ya kupakua huiuzi wala huibadilishi, inabaki kwenye akaunti yako. Na vifurushi vyetu vya intaneti unavijua.

Watengenezaji hawaupendi huu mzunguko, maana diski ikiuzwa mara ya pili wao hawapati kitu. EA, kampuni inayotengeneza gemu, walianza mwaka 2010 kuweka kwenye gemu zao namba ya kutumika mara moja tu. Mnunuzi wa pili akitaka kucheza mtandaoni, alipie. Wakaiacha 2013. Mwaka huohuo Microsoft walitaka kubana diski zilizotumika kwenye Xbox One, mashine yao ya gemu, wateja wakawaka, wakarudi nyuma. Siku hizi hawagombani na mtu, wanakuuzia mashine isiyo na mdomo.

Diski ya mkononi igeuze juani kwanza. Mkwaruzo unaofuata duara ni mbaya kuliko unaokatiza kutoka katikati. Kisha ijaribu mpaka mechi ianze. Mimi nilishauziwa iliyogoma kwenye asilimia 63 ya kupakia.

Xbox sijawahi kuweka bandani, wenye nazo watakujibu.