Maabara ya serikali haitakuibia fomula, ila andikishaneni kwanza

Ndugu yangu wa Mbagala, umeuliza kama ukipeleka juisi yako ya ukwaju maabara ya serikali ili ikae muda mrefu bila kuharibika, fomula itakuwa ya nani. Nenda bila woga. TIRDO, shirika la serikali lililopo pale Msasani, Dar es Salaam, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1979 kwa ajili ya utafiti wa viwanda, wewe ndiye mteja wao halisi.

Ila kabla hujakabidhi hata chupa moja, wekeni mkataba wa usiri. Kisha mkataba wa utafiti wenyewe useme wazi kitakachogunduliwa ni cha nani. Hapa ndipo wengi wanapoumia: mtafiti anapanda cheo kwa kuchapisha makala, wewe unakula kwa kutunza siri. Matokeo yakishachapishwa kabla hujaomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi wako, ugunduzi hauhesabiki tena kuwa mpya. Kwa hiyo kubalianeni mtafiti asubiri miezi miwili mitatu uwahi BRELA, ofisi ya serikali inayosajili hataza, halafu achapishe. Usimnyime kabisa, jamani, naye ni kazi yake.

Na sampuli zako ziandike tarehe na namba ya mkupuo (juisi uliyotengeneza kwa mara moja), chupa kwa chupa. Ukipeleka chupa ambazo hujui zimechemshwa siku gani, majibu hayatakusaidia, na hela ya vipimo hairudi.

Alama ya ubora ni suala la TBS, shirika la viwango, hilo utalifuata kivyake.