Simu imeingia virusi, au imeingia maji?

Msomaji wa Morogoro anauliza: neno "virusi" la kwenye kompyuta lilitoka wapi, na je, kikiwa kimoja tuseme "kirusi"?

Asili yake ni Kilatini, virus, yaani sumu. Madaktari wakalichukua kwa ajili ya vimelea vya maradhi. Mwaka 1983 Fred Cohen, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, alitengeneza programu inayojipachika kwenye programu nyingine na kujizalisha humo. Mwalimu wake, Leonard Adleman, akaiita virusi.

Kujipachika na kujizalisha: kama hayo hayapo, virusi havipo. Sasa mwende mkawaambie mafundi simu! Betri imevimba, utasikia, "Hii ina virusi, bosi." Tundu la chaji limejaa vumbi la mfukoni: virusi. Mama wa watu anakiri mwenyewe kwamba simu ilitumbukia kwenye ndoo jana jioni, na maji bado yanaonekana chini ya kioo, lakini fundi anatikisa kichwa: "Maji tu hayawezi kufanya hivi, mama. Virusi vimeshaingia, tuiflashi." Virusi gani hao wapiga mbizi? Walijizalisha saa ngapi, na kwenye programu ipi ya ndoo?

Wateja nao ni walewale. Mtu kajaza video za harusi za ukoo mzima mpaka simu inagoma kufunguka, analaumu virusi. Mwingine kapata ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", akaituma kwa kidole chake mwenyewe, kisha anatangaza kwamba simu imeingiliwa na virusi. Ndugu yangu, umetapeliwa. Simu hujaa, huungua, huzeeka, hufa. Vitenzi hivyo vyote tunavyo na havitozwi kodi.

Ama "kirusi", wapo wanaokikataa kwa hoja kwamba hiyo vi- ni ya Kilatini, si kiambishi chetu. Ni kweli. Lakini ki- ya kitabu nayo ilikuja na Kiarabu, na vitabu tunavyo. Kipilefti kilitoka kwenye kibao cha Kiingereza cha barabarani, na leo vipilefti vimejaa mjini. Siipendi sana "kirusi", ila kushindana na ngeli za Kiswahili sitaki tena. Andika kirusi, k iwe ndogo, maana ukiikuza utakuwa umetaja lugha ya Moscow.

Anayesema "mavirusi" asiniandikie.