Maswali na Majibu: Wanubi wa Kale Walivaa Nini, na Tunajuaje?

Nubia ni ukanda wa mto Nile kuanzia Aswan, kusini mwa Misri, hadi maeneo ya Khartoum. Wasomaji kadhaa wameuliza jinsi wanaakiolojia wanavyochunguza mavazi na mapambo ya watu wa huko. Tumeyajibu maswali yao moja baada ya jingine.

Nguo huoza. Zimewezaje kudumu maelfu ya miaka?

Zimedumu kwa ukavu. Pale ambapo mvua hainyeshi na maji ya mto hayafiki, bakteria na kuvu hawafanyi kazi. Qasr Ibrim, ngome iliyojengwa juu ya mwamba, imetoa vipande vingi sana vya vitambaa kwa sababu hiyo. Kerma, mji mkuu wa ufalme wa kwanza wa Kush (takriban 2500 hadi 1500 K.K.), makaburi yake yamehifadhi hata ngozi. Ukishuka kusini hadi Meroe, mji mkuu wa baadaye wa Kush, mambo hubadilika: mvua ipo, na mchwa wapo. Mchwa ndio adui mkubwa, maana hula kitambaa, mbao na kamba na kuacha vumbi la udongo tu.

Kuna njia nyingine ya bahati. Bangili ya shaba ikigusana na nguo kaburini, kutu yake ya kijani huingia ndani ya nyuzi na kuzigeuza kuwa kama jiwe. Kwa hiyo usikimbilie kusugua kutu. Itazame kwanza kwa lenzi ya kukuza mara 10, kwa sababu huenda vazi lote la maiti limebaki hapo tu, kwenye kipande cha ukubwa wa ukucha.

Nitatambuaje kama kitambaa ni pamba au kitani, na kama kilifumwa hukohuko?

Anza na picha za pande zote mbili, rula ikiwa kando. Kisha hesabu nyuzi ndani ya sentimeta 1, mtande (nyuzi za urefu) peke yake na mshindio (nyuzi za kukatiza) peke yake, katika sehemu tatu tofauti. Usihesabie ukingoni, kwa kuwa pale nyuzi hubanana na hesabu itakudanganya.

Halafu tazama msokoto. Shika uzi wima: mistari yake ikilala kama kiungo cha katikati cha herufi S, huo ni msokoto wa S, ikilala kama cha Z, ni wa Z. Kitani cha Misri na pamba ya Nubia kwa kawaida husokotwa S. Pamba ya India iliyoletwa kwa meli hadi bandari za Bahari ya Shamu ni Z. Dalili hii ni nzuri lakini haitoshi peke yake, kwa sababu fundi huweza kuhama na mkono wake.

Aina ya nyuzi huamuliwa kwa hadubini, kati ya mara 100 na 400. Pamba huonekana kama utepe uliojinyonganyonga. Kitani ni kama mwanzi wenye vifundo. Sufu ina magamba. Wengi hukosea kwa kutegemea macho na mguso, ilhali kitambaa kilichokaa kaburini hubadilika rangi na kukakamaa, na pamba chakavu hufanana kabisa na kitani.

Pamba ilistawi Nubia katika enzi ya Meroe, hasa karne za kwanza B.K. Ushahidi hautoki kwenye nguo tu. Kuna mbegu, kuna vizito vya udongo vyenye tundu vilivyotiwa kwenye kijiti cha kusokotea, na vizito vya kuning'iniza mtande. Mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wa Ethiopia ya kale, katika karne ya 4, alichonga kwenye jiwe kwamba jeshi lake liliharibu akiba ya nafaka na pamba katika nchi hiyo. Mshindi akijivunia kuteketeza pamba, ujue ilikuwa mali.

Mikufu ya shanga tunayoiona makumbusho ndivyo ilivyovaliwa?

Mara nyingi sivyo. Uzi wa asili ulishaoza, na mingi ilitungwa upya na wafanyakazi wa makumbusho kwa kufuata kilichowapendeza macho. Shanga ya yai la mbuni yenye upana wa milimita 5 inaweza kutoka shingoni, kiunoni, kwenye nywele au kwenye pindo la sketi ya ngozi. Ikishaokotwa na kutiwa mfukoni pamoja na nyingine, haina tena la kusema kuhusu vazi.

Kazi sahihi ni ya polepole. Ondoa mchanga kwa brashi laini na kipulizio cha mpira. Piga picha ukiwa juu moja kwa moja. Chora kila safu kwenye karatasi ya miraba na uipe namba. Kisha tunga shanga kwa sindano na uzi palepale zilipolala, moja baada ya nyingine, kabla ya kuzinyanyua. Udongo unaobaki upitishe kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 1. Chekeche la milimita 5 hupoteza shanga ndogo zote, na hasara hiyo haina dawa.

Angalia pia kama kaburi limevunjwa na wezi au limechimbuliwa na panya. Shanga za kiunoni zikikutwa kwenye goti, huenda ni panya, si mtindo.

Nimesikia juu ya winda la ngozi lenye matundu kama wavu. Lilitengenezwaje?

Mfano maarufu ni wa Maiherpri, mtu mwenye asili ya Nubia aliyekuwa mbebaji wa upepeo wa mfalme, na aliyezikwa kwenye Bonde la Wafalme, Misri. Mwanaakiolojia Howard Carter aliukuta mwaka 1902, na sasa uko Boston. Ni ngozi moja ya swala. Fundi aliipasua kwa mipasuo midogo mno, safu kwa safu, kila safu ikipishana na ya juu yake. Ngozi ikivutwa hufunguka kuwa wavu. Sehemu ya kukalia na pindo ziliachwa nzima ili lisichanike. Mpasuo mmoja ukikutana na wa jirani yake, kazi yote imeharibika. Inastahili kuhesabiwa pamoja na dhahabu za kifalme.

Ngozi ya kale usiilowanishe kamwe. Maji huigeuza gundi, na ikikauka hujikunja na kuvunjika. Ibebe juu ya ubao, usiishike kwa vidole.

Kerma kulikuwa pia na kofia za ngozi zilizoshonewa vipande vya ulanga (madini yanayong'aa na kubanduka kama karatasi) vilivyokatwa kwa sura za wanyama.

Je, tuamini michoro ya mahekalu?

Kwa nusu. Kwenye hekalu la Apedemak, mungu simba wa Kush, huko Naga, karne ya 1 B.K., Malkia Amanitore na Mfalme Natakamani wamevaa kanzu ndefu, shali na matamvua. Hayo ni mavazi ya ibada na enzi, si ya mkulima. Linganisha na makaburi. Pete nene za mawe za kidole gumba, za kuvutia upinde, zipo kwenye michoro na zipo kaburini, kwa hiyo tunaziamini.

Dhahabu za Malkia Amanishakheto zinaonyesha hasara ya kutolinganisha. Giuseppe Ferlini alibomoa piramidi yake huko Meroe mwaka 1834. Vito viko Berlin na Munich, vizuri ajabu, lakini hatuna mchoro wa mahali kila kimoja kilipolala, ndiyo maana bado wataalamu hujadiliana namna baadhi yake vilivyovaliwa.

Walichanja chale au kuchora tatuu?

Ndiyo, vyote. Huko Hierakonpolis, Misri, wanawake wa Kinubi wa miaka takriban 4,000 iliyopita walikutwa na tatuu za nukta. Ngozi ikishakuwa nyeusi macho hayaoni kitu. Kamera ya infraredi (miale isiyoonekana kwa macho) huzifichua tatuu hizo, kwa sababu wino wa masizi hunyonya miale hiyo. Mwanamke Mkristo wa karne ya 8 hivi, sasa yuko British Museum, ana jina la Malaika Mikaeli kwenye paja lake la ndani.

Wanubi wa Kibera ni watu haohao?

Jina ni lilelile, historia ni nyingine. Wanubi wa Kenya na wa Bombo, Uganda, wanatokana na askari kutoka Sudan waliotumikia majeshi ya kikoloni, na Kinubi chao kimezaliwa na Kiarabu. Lugha za Kinubi za bonde la Nile, kama Nobiin, ni familia tofauti. Usitumie gauni la harusi la Kibera kueleza kaburi la Kerma.

Nianzie wapi nikiwa mbali na Sudan?

Makumbusho ya Boston yana vitu vya Kerma vilivyochimbuliwa na George Reisner kuanzia 1913, na picha zake ziko wazi mtandaoni. Chagua kaburi moja, orodhesha kila kitu kilichotoka humo, kisha chora umbo la mtu na uweke kila kitu mahali kilipokutwa. Kisicho na mahali kiandike pembeni. Na ukiletewa shanga au kito cha "Nubia" kinachouzwa, usinunue: Makumbusho ya Taifa ya Sudan, Khartoum, yameporwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023. Piga picha ya tangazo na uipeleke kwa polisi au idara ya mambo ya kale.