Jibu: DTT inakuza mkondo wa GABA, je, ni redoksi kweli?

Habari ndugu. Unasema ukiweka DTT (dithiothreitol, kemikali inayotoa elektroni) kwenye seli zako za neva, mkondo wa umeme wa kloraidi unaoletwa na GABA (kemikali ya ubongo inayotuliza neva) unakua, na unauliza kama ni redoksi (kubadilishana elektroni), yaani daraja la salfa kwenye kipokezi cha GABA linalofunguka.

Anza na zinki. DTT inavunja madaraja ya salfa, sawa, lakini pia inanasa metali. Zinki kidogo tu iliyojificha kwenye maji ya chumvi inatosha kubana vipokezi vya GABA-A, hasa visivyo na kijenzi (kipande cha protini) kiitwacho gama. Ukiiondoa, mkondo unapanda bila redoksi kuhusika kabisa! Mimi nilipoteza wiki nzima hapo. Weka kwanza trisini, inayonasa zinki bila kugusa salfa. DTT ikiendelea kuongeza mkondo juu ya hapo, una sababu nzuri ya kushuku redoksi. Kisha jaribu DTNB, kemikali inayooksidisha salfa, kinyume cha DTT: mkondo ushuke, halafu DTT iurudishe.

Changanya DTT siku hiyohiyo, maana pH ikizidi 7 hewa huimaliza.

Hukutaja vijenzi vya kipokezi chako. Kina gama?