Muulize Fundi Tairi: Majaribio matatu, washindi watatu

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Bremen, naendesha Golf GTI inayovaa matairi ya saizi 225/40 R18. Matairi ya kiangazi yamebaki vipara na nataka mapya Pasaka ikifika. Nimesoma majaribio matatu, kila moja lina mshindi wake. Tairi iliyoshika nafasi ya kwanza kwa mmoja, kwa mwenzake ni ya sita. Nani anadanganya? Au wamehongwa wote? Kwenda kazini na kurudi ni kilomita 90 kwa siku, karibu zote autobahn, barabara kuu ya mwendo kasi, na mvua ya huku unaijua.
Baba Mapacha, Bremen

JIBU: Marahaba, Baba Mapacha, na hongera kwa kusoma matatu. Wateja wangu wengi hapa Hannover husoma moja, tena mstari wa juu tu, wakaja na simu mkononi: "Nipe hii." Shemeji yangu aliwapita hata hao. Mwaka wake wa kwanza Ujerumani aliona tairi moja imepewa 4.3 na nyingine 1.9, akanunua ya 4.3, maana 4 ni kubwa kuliko 1. Hapa alama ni zile za shule zao: 1 ni bora, 5 umefeli. Ningekuwa karibu ningemkumbusha divisheni wani ya kidato cha nne, asingepotea. Alizitembelea misimu miwili akizisifia kila harusi.

Tuje kwako. Hakuna aliyedanganya. Waliopima wamepima vitu vilevile, ila kila mmoja ana mizani yake ya kujumlisha. Chama cha wenye magari, ADAC, tangu 2023 kinatoa asilimia 70 ya alama kwa usalama, yaani barabara kavu na barabara yenye maji, na asilimia 30 kwa mazingira, ambamo mna kudumu kwa tairi, ulaji wa mafuta na kelele. Jarida la wapenda magari ya mbio halina haja na hiyo 30. Wao wanataka kujua usukani unajibu vipi kwenye kona na gari linasimama wapi. Sasa chukua tairi inayonata kama ulimbo lakini inalika upesi. Kwa jarida la mbio itapanda jukwaani, kwa ADAC itashuka, na haijabadilika hata uzi.

Mfano ulio hai ni Bridgestone Potenza Sport. Kwenye breki, kavu na maji, hiyo tairi mara nyingi iko kundi la mbele. Ukishuka hadi safu ya kudumu na ya mafuta, unakuta hapo ndipo inapolipa deni. Michelin Pilot Sport 5 sifa yake kubwa ni maisha marefu. Zote mbili nazifunga kila mwaka, na wanaozinunua si watu wa aina moja.

Kwa hiyo jumla iache. Ifunike kwa kidole ukipenda, usome safu moja moja.

Mimi naanza na breki kwenye maji, na sababu yake si ya kitaalamu. Mwaka 2009 nilifunga kwenye gari langu seti ya bei ya kutupa, jina lake nalihifadhi, nikijiambia fundi tairi anajua kuendesha. Asubuhi moja ya manyunyu, nikitoka upande wa Celle, gari la mkate mbele yangu likapunguza mwendo kuingia mzunguko. Nilikanyaga, breki zikafanya kazi yake vizuri kabisa, tairi zikakataa. Nililipa bampa la gari la mkate, na dereva wake akanipa maandazi mawili kwa huruma.

Wengi wakiona tofauti ya mita tano kwenye jedwali wanasema ni urefu wa gari moja tu. Piga hesabu. Tairi ya kwanza inasimama kwa mita 30 kutoka mwendo wa 80, ya pili kwa mita 35. Pale ya kwanza iliposimama kabisa, ya pili bado inakwenda kilomita 30 kwa saa. Thelathini, kijana wangu. Hiyo si kukwaruza rangi.

Lakini mita za jaribio moja usizipeleke kwenye jaribio jingine. Wengine wanapima kutoka 80 mpaka gari lisimame, wengine wanakata hesabu likiwa bado na 20. Lami si moja, gari si moja, kina cha maji si kimoja, na jua la mchana linabadilisha mambo hata siku ileile. Ndiyo maana wapimaji makini wana tairi ya rejea wanayoifunga tena na tena katikati ya kazi, waone kama barabara imegeuka. Ukiona mita 29 huku na mita 42 kule kwa tairi ileile, usishtuke.

Dukani nina daftari, lile la shule la kurasa 96, limejaa vidole vya grisi. Ninachofanya ni hiki: katika kila jaribio, aliyesimama mapema zaidi nampa 100, wengine nawapima kwake. Tairi iliyosimama kwa mita 31.0 wakati bora amesimama kwa 29.5 inapata 105. Kwingine bora ni 41.2, yetu 42.0, inapata 102. Sasa namba hizo zinaweza kukaa meza moja. Nafanya hivyo kwa majaribio matatu au manne, kisha natafuta tairi ambayo haiendi mbali na 100 popote. Anayeshinda mara moja na kupotea mara mbili simwamini. Anayekuja wa pili, wa tatu, wa pili, huyo ndiye ninayemfunga kwenye gari la mke wangu.

Kuhusu kuhongwa, swali lako ni la haki. Viwanja vya kupimia ni ghali, na vingi ni mali ya watengenezaji wenyewe. Continental wana Contidrom pale Jeversen, si mbali na hapa, Goodyear wana Mireval kusini mwa Ufaransa, Bridgestone wana chao Aprilia, Italia. Wapimaji huvikodi. Hilo peke yake halinitishi, kwa sababu ADAC hununua matairi dukani kama wewe na mimi. Kinachonifanya nikunje uso ni ripoti nzuri yenye mhuri wa kampuni ya ukaguzi, halafu chini kwa maandishi ya sisimizi: limefanywa kwa kuagizwa na mtengenezaji fulani. Vipimo vyenyewe vinaweza kuwa safi, ila aliyelipa ndiye aliyechagua saizi, washindani na jambo la kupimwa. Ukisoma ripoti kama hiyo, tafuta kwanza nani hakualikwa. (Na kabla hujaniuliza: ndiyo, naishi Hannover, mji wa Continental tangu 1871. Hawajanipa hata kalamu.)

Jambo jingine linalowaangusha wasomaji ni saizi. Jaribio la 205/55 R16 halikuhusu, hata kama jina la tairi ni lile unalolitaka. Ndani ya jina moja tairi inaweza kujengwa tofauti saizi ikibadilika. Hali kadhalika alama za watengeneza magari ubavuni: nyota ni ya BMW, MO ya Mercedes, AO ya Audi, N ikifuatwa na namba ni ya Porsche. Hizo zimerekebishwa kwa matakwa ya kiwanda cha gari, si lazima ziwe pacha wa iliyopimwa. Bahati yako 225/40 R18 hupimwa mara kwa mara. Tafuta yenye 92Y: 92 ni kilo 630 kwa kila tairi, Y ni mwendo hadi 300. GTI yako haitafika huko, mke wako akipenda.

Kwa safari za autobahn kwenye mvua, baada ya breki nenda safu ya kuelea juu ya maji. Wanapitisha magurudumu ya upande mmoja kwenye dimbwi refu, mwendo ukiongezwa polepole, mpaka gurudumu la majini lianze kuzunguka bure. Mwendo huo ndio unaoandikwa. Kumbuka tairi hizo ni mpya, kashata zake, yaani meno ya mpira, bado ndefu, milimita saba hivi. Sheria inakuruhusu kushuka hadi 1.6, lakini kwenye 1.6 jedwali lile halikuhusu tena. Nikiona mteja wa autobahn amefika 3 namwambia aanze kuweka akiba.

Na kudumu? Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja na hasira, tairi zake "zilizoshinda majaribio" zimekwisha kwa kilomita elfu 18. Nikaliinua gari, nikapitisha kidole gumba kutoka nje kwenda ndani. Nje kashata nzima, ndani nyuzi zinachungulia. Alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, ilikuwa imepinda, pengine kwa shimo moja la msimu wa baridi. Hakuna jaribio lililofanywa na gari la namna hiyo. Ukifunga mpya, lipa na alaimenti siku hiyohiyo.

Ningekuwa wewe, kwa daftari langu lilivyo, ningechagua kati ya Goodyear Eagle F1 Asymmetric 6 na Continental PremiumContact 7. Zote zinasimama vizuri kwenye maji bila kukuangusha kwenye safu nyingine. Ukipata Goodyear kwa bei nafuu kidogo, ichukue na usigeuke nyuma. Pilot Sport 5 ningekupa kama kilomita zako zingekuwa maradufu. Potenza Sport ni ya siku utakapouza GTI na kununua gari la Jumapili.

Na usisubiri Pasaka yenyewe. Wajerumani wana msemo wa O hadi O, tairi za baridi kuanzia Oktober hadi Ostern, kwa hiyo wiki ile karakana zote zinafurika. Piga simu sasa.

SWALI: Fundi, mimi naona mnajisumbua. Tairi zote Ulaya zina lebo yenye herufi. Nimechukua yenye A ya maji, imetosha. Au nimekosea?
Dada wa Göteborg

JIBU: Hujakosea, dada yangu, umeishia njiani. Lebo ilianza Novemba 2012, na tangu Mei 2021 herufi ni A hadi E. Inakwambia mambo matatu: mafuta, mshiko kwenye maji na kelele. Herufi huzitangaza mtengenezaji mwenyewe. Kelele ni ile anayoisikia mtu aliyesimama kando ya barabara, si wewe uliye ndani. Breki ya barabara kavu haimo, kuelea juu ya maji hakumo, wala huambiwi tairi itadumu misimu mingapi. Matairi mawili yenye A yanaweza kuachana waziwazi uwanjani. A ni ya kuchujia. Zikibaki tano mkononi, ndipo usome majaribio.

SWALI: Assalaam alaykum. Nipo Maskati, nina Lexus IS, na wikiendi napanda Nizwa kuwaona wazee. Wauzaji wa huku nao wanabandika ukutani majaribio ya Ujerumani. Yanatufaa sisi wa joto? Na upepo nijaze kiasi gani? Nikifika Nizwa kipimo kinaonyesha umezidi, basi huwa napunguza.

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Yanakufaa nusu. Safu ya breki kavu isome, na ya kudumu isome mara mbili, maana lami yenu ya Julai inakula mpira kuliko lami yoyote ya Jeversen. Ya maji usiidharau kabisa, siku wadi ikishuka na mafuriko hakuna anayejua kuendesha, lakini haihitaji kuwa ya kwanza kama kwa mwenzako wa Bremen. Zaidi ya jedwali, inama usome ubavu: baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2324 ni wiki ya 23 ya 2024. Mshindi wa jaribio aliyekaa miaka minne kwenye ghala la bati si mshindi tena.

Upepo, fuata kibandiko cha mlango wa dereva, upime tairi zikiwa baridi: baada ya Alfajiri, gari halijasogea. Kila nyuzi 10 za joto zinapandisha upepo kwa karibu 0.1 baa (kipimo cha upepo wa tairi), kwa hiyo kuzidi ukifika Nizwa ni jambo la kawaida, na kiwanda kimelihesabu. Ukiutoa pale juu, asubuhi unarudi Maskati na tairi zilizolegea, zinajikunja, zinazidi kuchemka. Wasalimie wazee, na kile kifuniko cha valvu usikifungue mpaka kesho yake alfajiri.